Meli Hukimbia, Kisiwa Hubaki

Kuna hofu moja ambayo ningependa, msomaji, uitazame pamoja nami, ijapokuwa yamkini haijapata kukugusa. Ni hofu ya mtu aliyekwisha kulipa nauli ya meli ya matembezi katika Bahari ya Karibi. Mtu huyo hukaa Ohio, au Manchester, au Toronto. Amedunduliza fedha kwa miaka miwili au mitatu. Amechagua juma moja la mwezi wa Septemba, kwa kuwa nauli za Septemba ni nafuu kuliko za Februari. Na sasa, miezi mitano kabla ya kupanda chombo, usingizi umemhama. Ameambiwa kuwa Septemba ni mwezi wa vimbunga. Basi humwuliza kila amwonaye: Je, kimbunga kitanikuta? Je, kitaniharibia safari yangu?

Swali hili huulizwa kila mwaka, na kila mwaka hujibiwa na watu wa makundi mawili. Kundi la kwanza humwambia asiende kabisa. Kundi la pili humwambia, "Usijali, meli itakikwepa." Mimi sina ugomvi na mwenye kuuliza, maana fedha ni zake na jasho ni lake. Ugomvi wangu ni na hao wanaomjibu, hasa hao wa kundi la pili, kwa sababu jibu lao ni la kweli. Uongo hufichuliwa siku moja. Lakini kweli iliyokatwa nusu huishi miaka mingi, kila mtu akiiheshimu, wala hapana anayeuliza nusu yake ya pili iko wapi.

Nikuombe kwanza uyajue mambo yenyewe yalivyo, kwa maana hatuwezi kushindana juu ya jambo tusilolijua. Vimbunga vya Atlantiki vina msimu wake, unaoanza tarehe 1 Juni na kwisha tarehe 30 Novemba, na kilele chake ni karibu na tarehe 10 Septemba. Katika miaka ya 1991 hadi 2020, kila msimu, kwa wastani, ulizaa tufani 14 zilizopewa majina. 7 kati yake zilifikia nguvu za kimbunga, yaani upepo wa kilometa 119 kwa saa au zaidi. Na 3 zilikuwa vimbunga vikali mno. Kimbunga hula joto la bahari. Maji yakipata joto la digrii 26 na nusu hivi au zaidi, mvuke hupanda na kuwa mawingu, na joto linalotoka katika mvuke huo huvuta hewa nyingine, mpaka jambo lote lizunguke kama pia. Lakini lazima pawe na kitu cha kuanzisha mzunguko huo, na hapa ndipo utakapoona kwamba habari hii si ya watu wa mbali tu. Vingi katika vimbunga vikali vya Atlantiki huanza kama mawimbi ya hewa yanayosafiri kutoka mashariki kwenda magharibi juu ya Afrika. Baadhi ya mawimbi hayo huzaliwa karibu na milima ya Darfur na nyanda za juu za Ethiopia, hupita juu ya Sahel, hutokea baharini upande wa Senegal, na huko hukutana na maji ya moto. Sisi wa Kenya tumesalimika kwa sababu tu tumekaa kwenye ikweta, mahali ambapo mzunguko wa dunia hauna nguvu ya kuipinda hewa ikazunguka. Hatukusalimika kwa wema wetu.

Sasa tazama anachokitaka yule msafiri. Mwezi wa Aprili anataka kuambiwa habari za siku moja ya Septemba. Hapana mtaalamu duniani awezaye kumwambia. Kituo cha Vimbunga cha Marekani, kilichoko Miami, huchora njia ya kimbunga kwa siku tano mbele, na mpaka wa siku saba huweza kusema tu kwamba mahali fulani panaweza kuzaa tufani. Wapo wanaotabiri msimu mzima utakuwa wa tufani nyingi au chache, na kazi yao ina maana kwa serikali na kwa watu wa bima. Walakini haimfai mtu anayeulizia juma lake moja. Msimu wa 1992 ulikuwa na tufani chache. Ya kwanza kupewa jina haikutokea mpaka katikati ya Agosti. Jina lake lilikuwa Andrew, na tarehe 24 Agosti ilitua kusini mwa Florida na kubomoa makumi ya maelfu ya nyumba. Msimu wa 2010 ulikuwa na tufani 19 zenye majina, 12 kati yake zikawa vimbunga, na hapana kimbunga hata kimoja kilichotua katika pwani ya Marekani. Basi mtu anayemtaka mtaalamu ataje siku miezi mitano mbele anamtaka awe mpiga ramli, na akikataliwa huenda kumtafuta mpiga ramli wa kweli, ambaye hakosekani.

Halafu kuna meli yenyewe. Meli kubwa ya matembezi huweza kwenda mwendo wa kilometa 40 hivi kwa saa. Kimbunga, ijapokuwa upepo wake huvuma kwa nguvu za kutisha, chenyewe husogea polepole katika bahari zile, aghalabu kilometa 15 hadi 25 kwa saa. Nahodha hukiona siku nyingi kabla, kwa picha za setilaiti. Kama alikusudia kwenda San Juan upande wa mashariki, hugeuza akaenda Cozumel upande wa magharibi. Kama bandari ya kurudia imefungwa, hukaa baharini siku moja au mbili zaidi. Mkataba ulioandikwa katika tiketi, kwa maandishi madogo ambayo abiria hakuyasoma, humruhusu kufanya hivyo. Msafiri mwenye busara hununua bima mapema, kwa sababu tufani ikisha kupewa jina, wenye bima hawaikubali tena kama jambo la ghafula. Hayo ndiyo yote ayawezayo, na ni kazi ya alasiri moja. Hasara yake kubwa ni nini? Alikusudia kuogelea St. Thomas, akaogelea Cozumel.

Hapo ndipo kundi la pili linapofunga vitabu vyake na kwenda nyumbani. Mimi nakuomba usiondoke bado.

Mwezi wa Oktoba 1998 kulikuwa na meli ya matanga iliyoitwa Fantome, yenye milingoti minne, iliyokuwa ikichukua watalii katika pwani ya Honduras na Belize. Kimbunga kilichoitwa Mitch kilikuwa kikija kutoka mashariki, na tarehe 26 Oktoba kilifikia daraja ya tano, ambayo ni ya juu kabisa. Nahodha akafanya kila ambacho kundi la pili lingemtaka afanye. Aliingia Belize City, akawateremsha abiria wote, wapatao mia moja, pamoja na baadhi ya mabaharia ambao hawakuwa na kazi ya lazima. Kisha akatoka tena baharini kuiokoa meli, kwa kuwa bandari ile haikuwa na mahali pa kuificha. Alianza kwenda kaskazini, akaona njia hiyo si salama. Akageuza kusini, akajificha nyuma ya kisiwa cha Roatán, kwa maana watabiri walitazamia kimbunga kipinde kielekee kaskazini. Mitch hakikupinda kaskazini. Kilishuka kusini, kikauelekea upande ule ule alikojificha. Meli haikuwa na mwendo wa kukikimbia, na mashariki, magharibi na kusini hakukuwa na bandari ya kuikinga. Tarehe 27 Oktoba sauti yake ilisikika mara ya mwisho katika redio. Zilipatikana baadaye boya kadhaa za kujiokolea na vipande vya mbao. Mabaharia 31 walikufa, wengi wao watu wa nchi za Karibi na Amerika ya Kati.

Abiria walifika kwao salama. Ukienda kuwauliza, watakuambia kwamba waliambiwa kweli: meli haikuwapeleka katika kimbunga.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara husimama mahali pamoja, pale ngazi iliposhushwa Belize City. Watu mia wanateremka na mizigo yao, labda wengine wakinung'unika kwamba siku zao zimekatwa; watu 31 wanabaki juu. Wote walikuwa katika chombo kimoja, chini ya anga moja, na utabiri waliousikia ulikuwa mmoja. Kilichowatenga ni jambo moja tu: nani ameilipia meli na nani analipwa na meli. Miaka 17 baadaye, tarehe 1 Oktoba 2015, meli ya mizigo iitwayo El Faro, iliyokuwa ikitoka Jacksonville kwenda San Juan, iliingia katika kimbunga Joaquin karibu na Bahamas na kuzama na watu wake wote 33. Katika meli ile hapakuwa na mtalii hata mmoja. Pengine ndiyo sababu jina lake halitajwi katika mazungumzo ya watu wanaouliza kama safari zao zitaharibika.

Na hata katika zile meli kubwa, zinazokwepa vizuri, tazama anayetandika vitanda na anayeosha sahani. Ni Mfilipino, ni Mhindi, ni Mwindonesia. Wamo pia vijana wetu wa Kenya. Tena wamo watu wa Jamaica, wa St. Vincent na wa Honduras. Meli inapogeuza njia kukiacha kisiwa fulani kipigwe, inawezekana kabisa kwamba mama wa mhudumu yuko katika kisiwa hicho. Yeye humwekea abiria kahawa mezani na kumsikia akisema, "Tumebahatika."

Tuje sasa kwenye visiwa vyenyewe, maana kisiwa hakina usukani. Tarehe 6 Septemba 2017 kimbunga Irma kilipita juu ya Barbuda, kisiwa chenye watu wasiofika elfu mbili. Sehemu kubwa ya majengo yake iliharibika, na kwa kuwa kimbunga kingine kilikuwa kikija nyuma yake, watu wote wa kisiwa walihamishiwa Antigua. Siku 12 baadaye kimbunga Maria kiliipiga Dominica kikiwa na nguvu za daraja ya tano, baada ya kukua kwa kasi ambayo iliwashangaza hata watabiri. Usiku ule paa la nyumba ya Waziri Mkuu, Roosevelt Skerrit, liling'olewa, naye mwenyewe ndiye aliyeutangazia ulimwengu habari hiyo. Ikiwa paa la Waziri Mkuu halikusimama, fikiri habari za paa la mvuvi.

Kutoka hapo Maria kilikwenda Puerto Rico, kikatua tarehe 20 Septemba. Kisiwa chote, chenye watu zaidi ya milioni tatu, kikawa gizani. Ilichukua karibu mwaka mzima hata nyumba za mwisho zikarudishiwa umeme. Lakini neno ninalotaka ulikumbuke ni hesabu ya wafu. Serikali ya huko ilitangaza kwamba waliokufa ni 64, na ikaishikilia hesabu hiyo kwa miezi mingi. Walihesabiwa waliozama, walioangukiwa na kuta, waliofukiwa na udongo. Hakuhesabiwa mzee aliyekuwa akipumua kwa mashine ya umeme, umeme ukazimika. Hakuhesabiwa mgonjwa wa figo aliyeshindwa kufika hospitali kwa kuwa daraja limevunjika, wala mgonjwa wa sukari ambaye dawa yake iliharibika kwa kukosa baridi. Mwezi wa Agosti 2018, baada ya uchunguzi wa wataalamu wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, hesabu ilibadilishwa: watu 2,975. Hebu zitazame namba hizo mbili. Kati ya 64 na 2,975 kuna watu 2,911 ambao walikufa kwa kimbunga upepo ukisha kutulia, jua likiwaka, na bahari ikiwa shwari. Meli za matembezi zilikwisha kurudi katika njia zake kabla wengine wao hawajafa.

Naweza kuendelea. Naweza kukuambia habari za kimbunga Dorian, kilichokaa juu ya Grand Bahama kwa zaidi ya siku nzima mwezi wa Septemba 2019, na za Beryl, kilichokumba Carriacou tarehe 1 Julai 2024, mapema kuliko ilivyozoeleka kwa kimbunga chenye nguvu kama zile, na za Melissa, kilichotua magharibi mwa Jamaica tarehe 28 Oktoba 2025 kikiwa na upepo wa kilometa 295 kwa saa. Mifano haitakwisha, na bahari inayozidi kupata joto haitaipunguza.

Hapa msomaji mwerevu ataniuliza: "Mwalimu, basi unataka msafiri akae kwao? Umejiunga na kundi la kwanza?" Hasha. Kundi la kwanza nalo lina makosa yake, na makosa yake huua polepole. Visiwa vingi vya Karibi huishi kwa wageni. Mwenye teksi wa Philipsburg, mwuza vinyago wa Nassau, mpishi wa Castries, wote hula kwa sababu meli imetia nanga. Kutoka Nassau mpaka Port of Spain ni zaidi ya kilometa 2,000, mbali kuliko kutoka Nairobi mpaka Khartoum. Tena visiwa vya Aruba, Bonaire na Curaçao, vilivyoko kusini karibu na Venezuela, hupigwa na vimbunga kwa nadra. Lakini kisiwa kimoja kikipigwa, watu wa Ohio husema "Karibi imekwisha," wakavifuta vyote. Sisi tunayajua maumivu hayo. Mwaka wa 2014 ugonjwa wa Ebola uliposhika Guinea, Liberia na Sierra Leone, watalii walifuta safari zao za Maasai Mara, ijapokuwa kutoka Monrovia mpaka Nairobi ni zaidi ya kilometa 5,000. Waongozaji wa watalii wa Kenya walikaa bila kazi kwa ugonjwa ambao haukufika kwao. Kwa hiyo anayesema "usiende" na anayesema "usijali" wamefanana katika jambo moja: wote wawili wamemweka msafiri katikati ya ramani, na visiwa vimekuwa pambo la ukingoni.

Wala sisemi kwamba hofu yenyewe ni mbaya. Mwaka wa 1502 Christopher Columbus alifika mbele ya Santo Domingo akiwa na meli nne. Alikwisha kuionja bahari ile, naye aliona dalili angani na katika mawimbi. Akatuma ujumbe kwa gavana, Nicolás de Ovando, akiomba hifadhi bandarini, na akashauri kwamba msafara wa meli zipatazo 30 uliokuwa tayari kwenda Hispania usitoke. Ovando alikuwa mtu asiyemtaka Columbus. Akamnyima bandari, na msafara ukatoka. Meli 20 na zaidi zikazama, na watu zaidi ya 500 wakafa pamoja na dhahabu waliyoichukua. Columbus, mwenye hofu, alijibanza pwani, na meli zake zote nne zikapona. Husimuliwa kama kisa cha baharia hodari na gavana mpumbavu. Mimi hukumbuka kwamba miongoni mwa waliozama alikuwamo Guarionex, mtemi wa Wataino, wenyeji wa kisiwa kile, aliyekuwa akipelekwa Hispania akiwa mfungwa. Neno lenyewe ambalo Wazungu hulitumia kwa kimbunga wamelitoa katika lugha ya Wataino. Mtu ambaye lugha yake ndiyo iliyokipa kimbunga jina hakuulizwa kama meli itoke au isitoke.

Jambo hilo la kutowauliza wanaojua limerudi mara nyingi. Katika Havana, padri mmoja Mjesuiti, Benito Viñes, alianza mwaka wa 1870 kuiongoza nyumba ya kuchunguzia anga katika chuo cha Belén. Alitazama mawingu membamba ya juu, akapima uzito wa hewa, akaandika kila siku, asubuhi mpaka usiku; na mwezi wa Septemba 1875 onyo lake la kimbunga likachapwa katika gazeti kabla kimbunga hakijafika. Wacuba wakaendelea na elimu hiyo. Mwaka wa 1900, Cuba ikiwa chini ya jeshi la Marekani, wakuu wa hali ya hewa wa Marekani waliwaona Wacuba kuwa ni watu wa kutia wengine hofu bure, wakazuia telegramu zao za habari za vimbunga. Wacuba walisema kwamba kimbunga kilichokuwa kikipita wakati ule kilikuwa kikielekea upande wa Texas. Wamarekani walisema kitapinda kielekee Florida. Tarehe 8 Septemba 1900 kilitua Galveston, Texas, na watu wasiopungua 6,000 wakafa kwa usiku mmoja.

Wazee wetu wa pwani walisema, chombo cha kuzama hakina usukani. Nimewahi kusikia methali hiyo ikitajwa darasani na mwanafunzi aliyetaka kunithibitishia kwamba tufani ni majaliwa, na kwamba habari za utabiri ni kupoteza wakati. Nilimwuliza kama Galveston ilikosa usukani, au usukani ulikuwapo na mtu akaukalia. Methali ni ya kumfariji aliyekwisha kufikwa. Si ya kumpa udhuru aliyepuuza.

Na usidhani kwamba pwani yetu hii haina kumbukumbu. Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikazamisha merikebu bandarini, zikiwamo za Sultani Barghash, na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu. Wenye mashamba walipata hasara ya fedha. Waliokuwa wakichuma karafuu walikuwa watumwa, na mtumwa hana ruhusa ya kukihama kisiwa. Mwezi wa Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika Mafia, na safari za meli kati ya Dar es Salaam na Unguja zikasimamishwa. Watu waliokuwa na tiketi walikasirika, kama ilivyo desturi ya wenye tiketi. Lakini mvuvi asiyetoka baharini siku mbili hana wa kumrudishia nauli.

Turudi kwa msafiri wetu wa Ohio, ambaye tumemwacha akikesha. Mwezi ule ule wa Septemba 2017, Maria kilipokwisha kupita, kulikuwa na watu waliolipia juma moja katika meli iitwayo Adventure of the Seas, iliyokuwa iondoke San Juan tarehe 30. Hofu yao ilitimia: safari ilifutwa. Meli ilipakia maji na vyakula kwa ajili ya visiwa, kisha ikapita San Juan, St. Thomas na St. Croix ikichukua watu waliotaka kuondoka, zaidi ya 3,000, wazee na watoto wakiwamo. Walilala katika vyumba vilivyotandikwa kwa ajili ya watalii, na siku za kwanza za Oktoba walishushwa Fort Lauderdale. Wale waliokuwa wamelipia juma lile walibaki nyumbani kwao.